Fundi cherehani aliyeishona nyumba yake juu ya tela

Kengele ya Shule ya Msingi Nyabulolo ni ringi la lori lililofungwa kwenye mti, na bado haijagongwa. Kwa Mwanaidi Akida, hatua mia mbili kutoka hapo, watu wameshajaa.

Anachomoa vyuma viwili, anashika ukuta wa ubavuni kwa mikono yote, anaushusha polepole mpaka unatua juu ya miguu miwili ya mbao. Ukuta umekuwa meza. Juu yake anapanga mkasi, chaki na tepu. Ndani, cherehani yake imefungwa sakafuni kwa mikanda iliyokatwa kwenye tairi bovu. Anaketi ukingoni mwa kitanda, anakanyaga pedeli, na siku inaanza.

Wa kwanza kwenye foleni ni Maduhu, mchimbaji wa dhahabu. Ametembea kilomita saba kutoka machimbo ya Sembe Juu, kichwani ana furushi la suruali tisa za wenzake, zote zimepasuka mahali pale pale, magotini. Nyuma yake wapo kina mama wawili. Hao hawakubeba kitu.

"Hawa hawana nguo ya kushonwa," anasema Mwanaidi bila kuinua macho. "Wamekuja kusikia nani kaachwa."

"Tutamuuliza nani tena?" anajibu mmoja wao, anavuta kigoda na kukaa.

Ukitazama kutoka barabarani utadhani ni kibanda kilichopanda juu ya matairi, na hutakuwa umekosea sana. Chini kuna tela dogo la ekseli moja, la aina iliyokuwa ikivutwa na Land Rover kubeba magunia. Urefu wake futi nane, upana futi tano. Kuta ni madebe ya mafuta ya kula yaliyokunjuliwa na kupigiliwa moja juu ya jingine kama magamba ya samaki. Kwa ndani zimevishwa magunia yaliyojazwa pamba na kushonwa mistari mistari, kama godoro. Ukiegemea, unaegemea godoro. Mlango uko nyuma, wa mbao za mninga, na una kufuli.

Kufuli hilo ndilo lililoanzisha mambo yote.

Mwanaidi ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Shinyanga mjini. Baba yake alifika huko na kazi za reli akitokea Pangani, mama yake ni wa Tabora. Alijifunza kushona kwenye baraza la duka la vitambaa, akianza na vifungo, kisha mapindo, mwisho suti za maharusi. Akaolewa na dereva wa malori, wakapata mtoto mmoja wa kike, Tabu.

Mwaka 1983 ndoa ikavunjika. Mume alihamia Tabora, akaoa tena. Tabu, wakati huo ana miaka minne, akabaki mjini kwa shangazi yake, Bi. Chausiku, dada mkubwa wa yule dereva. Wenyeji wa mitaa ya sokoni wanamfahamu Bi. Chausiku kwa vitumbua vyake, na kwa sauti yake inayofika nyumba ya nne.

"Sikunyang'anywa mtoto," anasema Mwanaidi. "Watu wanapenda kulisema hivyo kwa sababu linanoga. Nilimwacha mahali penye kitanda, mimi nikaenda mahali pasipo na kitanda."

Mahali penyewe ni machimboni. Ilikuwa 1984, nguo mpya hazionekani madukani, na nchi nzima inavaa viraka. Wachimbaji walikuwa wakipasua suruali kila wiki na kulipa papo hapo. Kiraka kimoja shilingi ishirini. Siku njema Mwanaidi alifikisha shilingi mia tatu, fedha ambazo mjini angezipata kwa wiki nzima, tena kwa kudai.

Kabla hajaondoka, wazee wa pande mbili walikaa nyumbani kwa Bi. Chausiku. Haukuwa ugomvi, vitumbua vililiwa. Lakini neno lilisemwa na likakubaliwa: mtoto atakwenda kwa mama yake siku mama atakapokuwa na nyumba yenye mlango, kufuli, na kitanda kisichogusa ardhi. Turubai haikuhesabiwa, wala kibanda cha nyasi.

"Wifi alitaja kufuli mara tatu," anakumbuka Mwanaidi. Mpaka leo wanaitana wifi, ingawa ndoa iliyowafanya mawifi haipo.

Sharti lilikuwa jepesi kulitamka, lakini maisha ya machimboni hayana mlango. Dhahabu ikisikika mahali, watu elfu moja wanahamia huko kwa siku tatu. Wachimbaji wenyewe wanaita rashi. Ikilipuka rashi, kila kitu kinachowategemea wachimbaji kinahama nao: wauza maji, wapika ugali, vinyozi, na fundi cherehani. Kwa miaka miwili Mwanaidi alijenga vibanda vitatu vya miti na nyasi. Kimoja kiliungua na suruali kumi na moja za wateja. Viwili aliviacha vimesimama, kwa kuwa waliokuwa wamemzunguka walikuwa wameshaondoka.

"Nyumba naimaliza leo, nikilala nikiamka, kambi nzima imehama," anasema. "Kufuli nilikuwa nalo. Nilikuwa natembea nalo kwenye mkoba. Sikuwa na mahali pa kulifunga."

Juni mwaka jana, 1986, alikwenda mjini kumwona Tabu kwa Idi. Katika ua wa jirani wa Bi. Chausiku, mfanyabiashara aliyekwisha kustaafu, aliliona tela bovu, na ndani yake kuku analalia mayai. Mwanaidi akamtazama yule kuku kwa muda mrefu. Anasema alimwonea wivu: amelala juu, amezungukwa na mbao pande zote, na hakuna wa kumwambia ahame.

Alilipa shilingi elfu nne, akiba ya miezi minne, na akakubali kuwashonea nguo watu wote kumi na mmoja wa nyumba ile. Mwenye tela akamtaka asubiri vifaranga waanguliwe kwanza. Akasubiri.

Tela lilipelekwa Tinde kwa Stanslaus, fundi wa kuchomelea. Alipoambiwa kwamba kinachotakiwa ni nyumba, Stanslaus alimuuliza mama huyu kama ni mzima. Kisha akaanza kulipima. Alikata vitanda vitatu vya chuma vilivyochakaa, akachomelea fremu ya kuta na paa. Chini wakaweka mbao za mninga, na juu mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Kuta ndizo zilizowashinda. Mbao zilikwisha kwenye sakafu na mlango, na mabati yalihitaji kibali, foleni na mtu wa kumjua. Hapo ndipo Mwanaidi alipopata wazo ambalo hadi leo Nyabulolo haijalisahau. Mnadani Samuye ngozi za ng'ombe zilikuwa zimejaa na bei yake ni ya kutupa. Akanunua kumi na mbili. Akazilowesha, akazivuta juu ya fremu, akazishona kwa kamba za ngozi hiyo hiyo. Jua likazikausha zikakaza. Ukizigonga zinalia kama ngoma, na watu wa Tinde walikuwa wakija kwa zamu kuzigonga.

"Ilikuwa kazi nzuri kuliko mageti yote niliyowahi kutengeneza," anasema Stanslaus. "Nilimuuliza litavutwa na nini, akasema lori la mchele. Basi mimi nikajua ni lori mpaka mwisho wa safari. Angenitajia ng'ombe, ningemshika mkono."

Lori lilivuta nyumba hiyo taratibu, siku mbili, likaiacha njia panda ya kuelekea machimboni. Kutoka hapo kuna kilomita kumi na nne za njia ya mkokoteni. Mwanaidi alikuwa ameshaagiza maksai wanne wa Bujiku, mkulima na mfugaji wa Nyabulolo, ambao kazi yao ni kuwapelekea wachimbaji mahindi na maji.

Bujiku alifika asubuhi na nira yake, akapiga mluzi kuwasogeza maksai. Walipofika hatua kumi kutoka kwenye tela, wakasimama. Wa mbele akanyoosha shingo, akanusa. Kisha akatoa mlio wa chini, mrefu, ambao Mwanaidi, mtoto wa mjini, hakuwahi kuusikia. Wenzake wakauitikia. Wakaanza kuparua ardhi kwa kwato.

Ng'ombe waliokuwa malishoni bondeni wakasikia. Wakaja mbio, na muda si mrefu zaidi ya arobaini walikuwa wamelizunguka tela, wanalia, wanarusha vumbi, wanapiga pembe kwenye magurudumu. Nira ikavunjika vipande viwili. Mwanaidi alikuwa amepanda juu ya paa.

Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe Usukumani angemwambia mapema. Ng'ombe akinusa ngozi au damu ya mwenzake, analia. Ndiyo maana wafugaji wanachinjia mbali na zizi. Mwanaidi aliwaletea maksai wale ngozi kumi na mbili kwa mara moja.

Bujiku ni mtu wa maneno machache. Alisubiri ng'ombe wachoke, akamsaidia fundi kushuka, akalizunguka tela mara moja.

"Mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "uliniambia nikokote nyumba. Hukuniambia nikokote msiba."

Habari ilifika machimboni kabla ya mwenyewe, nayo ilinenepa njiani. Sembe Juu walisikia kwamba tela lina mizimu. Kijiji cha jirani walisikia kwamba fundi amekanyagwa amekufa, na wateja wake wawili walikuja kuulizia suruali zao. Ilipofika Shinyanga mjini, ilikuwa imekuwa ndoa: Mwanaidi ameolewa na Bujiku, na mahari imelipwa. Mwanaidi aliuliza ni ng'ombe wangapi. Akaambiwa kumi na wawili.

"Nikasema basi nimekwenda kwa bei rahisi," anasema, na kina mama wawili vigodani wanacheka kama hawajaisikia kabla, ingawa wameisikia mara nyingi.

Ngozi zilibanduliwa zote siku ile ile. Mke wa Bujiku alizichukua na kumlisha Mwanaidi kwa wiki moja kama malipo. Fremu ikasuguliwa kwa majivu na maji ya moto. Maksai wakaletwa tena, wakanusa, wakageuka na kurudi nyumbani bila kuambiwa.

Dawa aliijua Bujiku. Aliita wanaume kumi, wakalisukuma tela hadi zizini kwake, katikati kabisa ya ng'ombe, wakaliacha humo siku tatu. Mwanaidi hakutaka kuiacha cherehani yake, kwa hiyo na yeye aliishi zizini siku tatu, ndani ya fremu isiyo na kuta.

"Walijikuna kwenye vyuma mchana kutwa. Nilikuwa nikitikisika kama niko kwenye treni," anasimulia. "Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya tatu nilikuwa nawafahamu tabia zao. Yupo mmoja mbea, anasikiliza kila kitu."

Siku ya nne tela lilikuwa linanuka zizi kuanzia sakafuni mpaka paani. Bujiku akafunga nira mpya. Maksai wakalivuta kama wanavyovuta mahindi.

Nyumba ikaingia Sembe Juu ikiwa mifupa mitupu. Wachimbaji walisimama kando ya maduara yao, yaani yale mashimo wanayochimba, wakamtazama fundi wao akipita ameketi ndani ya vyuma kama ndege. Maduhu anasema walicheka mpaka wakakaa chini. Jioni hiyo ndiye aliyepita duara moja hadi jingine kuomba madebe.

Debe kwa mchimbaji si chombo cha kuchezea. Ndilo linalotolea udongo, ndilo linalochotea maji ya kuoshea mchanga, na wengine ndilo wanalopikia. Hata hivyo kila duara lilitoa, zaidi yale yaliyotoboka. Yakafika sabini na manne.

"Hatukumpa kwa huruma," anasema Maduhu. "Tulikaa tukatazama suruali zetu. Tukaona huyu mama akirudi mjini, sisi tutabaki uchi."

Bati peke yake lingemchoma kwa jua, kwa hiyo Mwanaidi alinunua pamba fifi, ile ya daraja la chini ambayo wakulima hupata taabu kuiuza, akaijaza kwenye magunia na kushona kuta za ndani. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Anasema ndipo kwa mara ya kwanza aliona kwamba nyumba si kazi ya waashi tu. Mwisho akafunga mlango wa mninga, akachukua kufuli kutoka kwenye mkoba, akalitia mahali pake.

Oktoba mwaka jana akampelekea salamu Bi. Chausiku: njoo uone.

Bi. Chausiku alikuja na mto wake wa kulalia, ndoo yake na chandarua, kwa tahadhari. Kambi ilikuwa imefagiliwa. Alilala ndani ya tela siku mbili, kitanda kimoja na wifi yake, na asubuhi ya pili akafanya ukaguzi mbele ya watu. Aligonga ukuta. Alifunga kufuli akiwa nje, akalivuta kwa nguvu zake zote. Alikaa kitandani akaruka ruka. Watu waliokuwa wamesimama nje, Maduhu akiwemo, wanasema walimwona akitabasamu.

"Kufuli ni zuri," alisema. "Kitanda kizuri kuliko changu. Na shule iko wapi, wifi?"

Hilo Mwanaidi hakuwa amelipima. Kwa miaka miwili alikuwa amewaza mlango, kufuli na kitanda, kwa sababu hayo ndiyo aliyotajiwa. Wakati wote huo mtoto alikuwa akikua. Januari ilikuwa imebaki miezi mitatu, na Tabu alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Shule ya karibu ilikuwa Nyabulolo, kilomita saba nyuma.

Akajibu haraka kwamba atahamia Nyabulolo, hata kesho. Bi. Chausiku akatikisa kichwa.

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alimwambia. "Nyumba yako inahama kabla chai haijapoa. Leo Nyabulolo, ikilipuka rashi utafunga ng'ombe na mtoto ataachia masomo njiani. Kaa karibu na shule mwaka mzima. Magurudumu haya yakizunguka hata mara moja, mtoto wangu haji."

Alipanda lori akarudi mjini na mto wake. Mwanaidi hakumkasirikia. Anasema angekuwa yeye, angesema hivyo hivyo, ila kwa sauti ndogo.

Tarehe 14 Novemba mwaka jana maksai wa Bujiku walilivuta tela hadi mahali lilipo sasa. Serikali ya kijiji ilimruhusu kuegesha, na mwalimu mkuu, Theonest Nkwabi, alihesabu mwenyewe hatua kutoka darasani. Mawe manne yakawekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Mwaka ukaanza kuhesabiwa.

Ulikwenda vizuri hadi Machi. Kisha rashi ikalipuka upande wa magharibi, kilomita arobaini na zaidi, na Sembe Juu ikabaki na watu wasiozidi thelathini. Mapato ya Mwanaidi yakaporomoka kutoka shilingi mia tatu hadi arobaini kwa siku, na Aprili kulikuwa na siku tatu mfululizo ambazo hakuna aliyekuja hata kuuliza. Aliuza redio. Chakula cha mchana akawa anakula kwa mke wa Bujiku, akilipa kwa kushona.

Huku habari za kule zikawa zinafika, na fundi hakuwa mtu wa kuziba masikio. Kule watu wanavaa magunia. Kule kiraka kimefika shilingi hamsini. Maduhu, ambaye alikuwa amekwenda na wenzake, alirudi mwenyewe kumwambia kwamba wamemwekea kiwanja karibu na kisima, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Asubuhi moja Mwanaidi alisikia kwato. Bujiku alikuwa amesimama nje na maksai wanne, nira imeshafungwa. Hakuna aliyemwita.

"Nimesikia watu wamehama," alisema. "Nimekuja na ng'ombe, mayu."

Mwanaidi anakiri kwamba hakutoka mara moja. Alikaa kitandani akatazama vitu vyake, na kila kitu kilikuwa mahali pake, cherehani imefungwa, sufuria zimening'inizwa. Nyumba ilikuwa tayari kuliko siku zote.

"Ningekuwa na nyumba ya udongo nisingepata taabu, kwa kuwa nisingekuwa na pa kwenda," anasema. "Lakini hii ilikuwa inangoja tu. Ng'ombe wamefungwa, na mimi nina njaa. Nikatoka, nikamshika yule maksai wa mbele pembe. Nikamwambia Bujiku, baba, warudishe. Nilimshika kwa nguvu kweli, maana nilijua nikimwachia, nitasema twende."

Bujiku akawarudisha. Kesho yake mkewe alileta debe la viazi na hakutaka kushonewa kitu.

Kilichomwinua Mwanaidi kilitoka upande ambao hakuutazamia. Juni duka la ushirika la kijiji lilipata majora ya kitambaa cha sare, bluu na nyeupe, baada ya miaka miwili bila kitu. Shule ina wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, na wengi walikuwa wakija na nguo yoyote iliyopatikana nyumbani. Mwalimu Theonest hakuwa na haja ya kutafuta fundi mbali. Mwanaidi alishona sare tisini kwa wiki tano, mguu wake wa kulia ukavimba. Agosti dhahabu ya kule magharibi ikapungua, wachimbaji wakaanza kurudi mmoja mmoja, na magoti yao yamepasuka.

Mwalimu mkuu anasema awali alimpa fundi huyo mwezi mmoja. "Nilidhani ni msafiri," anaeleza. "Sasa tatizo langu ni jingine. Mapumziko ya saa nne walimu wangu wawili wanakwenda kunywa chai pale, na kuwarudisha darasani ni kazi."

Magurudumu hayajazunguka. Matairi hayana upepo siku nyingi. Mwanaidi ameyajaza vitambaa vilivyobaki kwenye ukataji, akavishindilia kwa mpini wa jembe. Nyasi zimeota mpaka zinagusa springi.

Mwaka ulitimia Jumamosi iliyotangulia hii iliyopita. Siku hiyo Mwanaidi alimtuma dereva wa lori la mchele amwambie Bi. Chausiku kwamba mwaka umekwisha na mawe hayajasogezwa, na kama hamwamini aulize kijiji. Siku kumi zikapita bila jibu. Kina mama wanaokuja kukaa vigodani wanasema tangu hapo amekuwa akiharibu mapindo na kuyafumua, jambo ambalo hawajawahi kumwona akifanya.

Lori linasikika kabla ya saa sita mchana. Dereva hashuki. Anatoa mkono dirishani na kifurushi kidogo cha kipande cha kanga, kimefungwa fundo.

Ndani hamna barua, Bi. Chausiku si mtu wa kuandika. Kuna uzi mweupe mrefu uliozungushwa kwenye kijiti, na uzi una mafundo matatu. Mwanaidi anaugeuza geuza. Dereva anazima injini ili ujumbe alioagizwa usikike vizuri.

"Amesema fundo la kwanza ni bega, la pili kiuno, la tatu goti. Mwisho wa uzi ni kisigino, na mwanzo wake ni utosi. Amesema sare ya huko usishone kwa kukisia. Na barua ya uhamisho ameshaifuata shuleni."

Kina mama wawili, ambao tangu asubuhi hawajainuka, wanainuka vigodani.

Mwanaidi anapanda ndani ya tela, anasogeza pazia la maua lililo juu ya kitanda chake. Nyuma ya pazia kuna kitanda kingine, kidogo, cha mbao, kimepachikwa ukutani kwenye futi tatu na nusu za upana wa tela zilizobakizwa na cherehani, na kimetandikwa shuka lililopigwa pasi. Anashika mwanzo wa uzi kwa kidole gumba kwenye kona moja, anaunyoosha hadi ya pili. Uzi unavuka ubao wa mwisho, unapita kiasi cha shubiri moja.

"Amerefuka," anasema. Anarudia kupima, na uzi unapita pale pale. "Huyu kanipita hesabu. Tazameni, amerefuka."

Anashuka, anazunguka hadi mbele ya tela na kusimama kando ya kile chuma kirefu cha kuvutia. Anaanza kuwaeleza waliopo, akionyesha kwa mkono. Kitanda cha mtoto atakigeuza, kielekee mbele. Ukuta huu atautoboa. Atajenga kisanduku kitokeze juu ya chuma, chenye kidirisha upande wa shule, na miguu yake ataifukia ardhini kisitikisike. Stanslaus ataagizwa kutoka Tinde wiki ijayo. Madebe manane yatatosha. Shule inafunguliwa Januari, Tabu anaingia darasa la pili, na kisanduku lazima kiwe kimeshashonwa ndani kabla ya Krismasi.

Maduhu, ambaye suruali zake tisa bado hazijaguswa, anakitazama chuma, kisha anamtazama fundi.

"Ukijenga hapo, Mama Tabu, nira utaifunga wapi?"

Mwanaidi ameshachukua chaki. Anachora mstari juu ya bati, kutoka kona hadi kona, mahali pa kukata.

"Haitafungwa," anasema. "Nishikie huo uzi."